Jina Kaa Nalo, Nipe Namba

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Macho yanasemaje, na ule mguu unaovimba ukikaa sana kwenye meza yako ya barua? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimejaa. Najua kwako simu ni ya kuulizana mvua na bei ya sukari, mambo mazito unataka yaandikwe. Haya basi, nimeandika.

Nimeitwa na bodi ya wakandarasi. Kuna fundi wa vigae aliyenifanyia kazi kwenye ile zahanati tuliyomaliza mwaka jana, vyumba sita na korido. Mwenye jengo alinilipa. Hela za fundi nikaanzishia kazi nyingine, nikijua nitamrudishia kabla hajakasirika, halafu hiyo kazi nyingine ikasimama. Sasa amenishtaki, na bodi ikitaka inaweza kunifutia leseni kabisa. Bila leseni, Mama, mimi ni mtu mwenye toroli tu.

Naomba uniandikie utetezi. Nimeambatisha nakala ya malalamiko. Fundi huyu hawezi kuandika hivi hata ale kamusi, amepata mwandishi mkali, ukiisoma unaona aibu hata kama hukutajwa. Basi na mimi namleta mkali wangu, aliyewaandikia watu wa mtaa mzima mpaka afisa wa maji akaomba uhamisho. Kikao ni tarehe 20 Aprili.

Mwanao mkaidi


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, baba. Mguu umepungua. Macho yanaona, na heri yasingeiona hiyo nakala.

Nilikaa mezani, miwani puani, kalamu tayari, natafuta pa kumshikia huyo mwandishi. Mstari wa kwanza nikasema, huyu anaijua kazi. Wa tatu nikasema, huyu kafundishwa na nani? Wa tano nikavua miwani. Mwandishi ni mimi.

Alikuja Januari, mtu mpole, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaanza, "Mama, kuna bosi mmoja, jina lake..." Nikamkatiza kama ninavyowakatiza wote: jina kaa nalo, nipe namba. Unaujua msimamo wangu. Ukiandika jina unamwonea mtu haya, namba huionei. Alikuwa ameinakili namba ya leseni kutoka kwenye kibao cha pale kazini, nami nikashuka nayo kurasa mbili bila kupumua. Nani anamjua mwanawe kwa namba? Na hiyo zahanati, kwangu siku zote uliiita "saiti" tu.

Utetezi siwezi, baba. Siwezi kuandika kwamba ni uongo wakati wewe mwenyewe umeniambia ni kweli. Uza kitu, umlipe, kisha nenda ukawaambie ilivyokuwa. Nakupenda.

Mamako


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Watu wakishtakiwa hukimbilia kwa mama zao. Mimi mama yangu ndiye aliyenishtaki. Sawa, hukujua. Lakini sasa unajua, na bado umesimama upande wa mtu baki. Utetezi nitauandika mwenyewe. Usijisumbue kujibu.

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Umenikataza kujibu, kwa hiyo hili si jibu, ni barua nyingine.

Unakula? Ukiwa na hasira wewe huishi kwa chai. Mimi siku hizi kila mteja akikaa namuuliza kwanza anayemshtaki ni mtoto wa nani. Wameanza kunikimbia. Jana mmoja aliniambia nimezeeka, nikamwambia ndiyo.

Siku ya kikao vaa shati la bluu. Lile jeupe linakufanya uonekane umekuja kuposa. Nimekukumbuka mpaka nimejikasirikia.

Mamako


27 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kufidia ile niliyoiandika bila moyo. Nakula.

Nilivaa la bluu. Chumba chenyewe kidogo, meza ndefu, watu watatu, na feni inayolia kila ikimaliza mzunguko. Utetezi wangu ulikuwa kurasa nne: nimelaumu mvua, benki, bei ya saruji, nimemlaumu hata mwenye jengo aliyenilipa kwa wakati. Mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima, akasema kabla sijajitetea niyasome malalamiko kwa sauti, ili wote tujue tunajibu nini.

Nikasoma. Mama, kila sentensi ilitoka na sauti yako. Nilipofika pale ulipoandika, "Wagonjwa wanakanyaga jasho lake kila siku, naye akipita nje anainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa," nikaacha kusoma. Nikakunja kurasa zangu nne. Nikawaambia yote ni kweli.

Leseni imefungiwa miezi sita, na haitafunguliwa mpaka fundi athibitishe kwa maandishi kwamba amelipwa. Nimeuza mashine ya zege na pikipiki, na jana nimemkabidhi hela zake zote mkononi. Sasa nashinda nyumbani nafagia ua ambao hauna uchafu. Hasira imeisha, Mama. Imebaki aibu, na hiyo ni yangu, si yako.

Mwanao


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba zote mbili nimezipokea. Barua yako niliwasomea jirani na muuza mkaa, mstari wa shati nikaurudia.

Juzi fundi amekuja kuandikiwa ule uthibitisho. Nikaona siwezi kuendelea kumficha. Nikamwambia, "Yule bosi wako ni mwanangu wa kumzaa." Akasema, "Najua, Mama."

Alijua tangu mwanzo. Kumbe pale kazini ulikuwa ukijisifia kwamba mwandishi wa barua wa mtaa wao ni mama yako. "Ndiyo maana nilikuja kwako," akasema. "Sikuja kushtaki. Nilitaka umsemeshe tu, kama mama." Nikamuuliza mbona hukusema? Akaiangalia kofia yake. "Nilianza, ukaniambia jina nikae nalo. Ukaandika. Uliponisomea ikawa nzuri mno, nikaona haya kukuzuia. Na stempu ukabandika mwenyewe."

Miaka thelathini sijawahi kulia mbele ya mteja. Yeye ndiye aliyenipa maji. Mwanangu, leseni yako haikufungiwa na fundi, imefungiwa na haraka ya mamako. Mtu alikuja na neno moja la nyumbani, nikamtoa na kesi. Nisamehe, baba.

Uthibitisho nimemwandikia, na majina yako nimeyaandika yote matatu.

Mamako


14 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Usilie, macho yenyewe hayo ndiyo tunayoyategemea.

Si haraka yako peke yako. Kati ya Novemba na Januari fundi alinipigia simu kila wiki. Kila akianza, "Bosi, nilikuwa naomba..." nilimwambia nakupigia, nikakata. Tangu niipate barua yako nimekuwa nikijiuliza, alikuwa anaomba nini? Nilijua jibu, au nilidhani najua. Jana nikampigia, nikamwambia aseme alichotaka kusema tangu Novemba, nikanyamaza.

Ni magoti, Mama. Miaka ishirini na mbili amepiga magoti kwenye sakafu za watu, na daktari alimwambia la kushoto lisingesubiri. Alikuwa anaomba robo tu ya hela yake, aanze matibabu. Iliyobaki, alisema, ningempa nikipata, maana anajua kazi zinavyosimama. Sasa daktari anasema la kushoto halitakunjika tena, na vigae basi. Aliniambia bila kunilaumu. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

Robo nilikuwa nayo. Kila alipopiga, nilikuwa nayo.

Ijumaa nampeleka kwa daktari kwa ajili ya la kulia. Tukitoka huko tunakuja wote kwako.

Mwanao