Nyongeza ya Mama Bahizi

Gisenyi, Rubavu,
14 Septemba 2025.

Mpendwa Dada Uwamahoro,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Shemeji Johnson naye hajambo, na magoti yake yanamruhusu tena kwenda shambani. Sisi tunapumua. Shema wangu ana kikohozi cha vumbi, lakini anakula, na mtoto anayekula mimi simwiti mgonjwa.

Nimechelewa kukujibu. Uliniuliza kama mwanao Kirezi aende chuo cha biashara, kwa kuwa mimi ndiye mwenye cheti cha biashara katika ukoo wetu. Nilicheka niliposoma, halafu nikaisoma tena bila kucheka. Ngoja nikueleze kwanza yaliyotupata, maana kwenye simu nitalia tu na vocha itaisha.

Unamkumbuka Mama Bahizi wa Goma, yule aliyekufunga kitenge ulipokuja kunitembelea. Miaka yote nilivuka mpaka asubuhi na beseni la karoti kichwani, yeye akazipokea na kuziuza sokoni kwao. Zilizobaki zililala kwake. Juu ya beseni niliweka konzi mbili za nyongeza, na hizo ndizo zilizoingia kwenye sufuria ya watoto wake. Hatukuwahi kuandikishana kitu. Volkano ilipolipuka walilala kwangu wote, pamoja na kuku wao.

Ukaja mradi, na mwalimu kijana wa kutufundisha biashara sisi akina mama wa kikundi cha karoti cha Cyanzarwe, huku tunakolima. Alifundisha vizuri, Dada, sitamsingizia. Kabla yake nilikuwa nauza bila kujua kama napata au napoteza. Alitufundisha kutenganisha mtaji na pesa ya kula, akatupa vyeti, na wenzangu kadhaa wakapata bima ya matibabu kwa mara ya kwanza. Alisema nchi haiinuki kwa kubahatisha, inainuka kwa watu wanaojua wanachofanya. Nakubali mpaka leo.

Lakini alisema pia kwamba nyongeza ni hasara, na kwamba mtu wa katikati anakula faida yetu. Tukampigia makofi. Tukakodi kibanda chetu huko Goma na kuweka muuzaji wetu. Mama Bahizi nilimwambia mwenyewe kwamba hatumhitaji tena, tumesimama pale Barrière, kwenye lango la mpaka. Akasema tu, "Bon, sawa mama, Mungu asaidie." Akaenda kuponda mawe ya volkano kwa kibarua.

Tulinawiri kweli. Kisha vita vikafika Goma na mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa, kibanda kilikuwa kimevunjwa na muuzaji amekimbia, hatujui wapi. Karoti zetu zikawa zinafika Goma na kukosa pa kulala. Wanunuzi wanasubiri jua litupige mpaka tuchoke, wachukue kwa bei ya maganda. Nyingine zimeoza huku huku Cyanzarwe, hata ng'ombe wamezichoka. Kikundi kinasambaratika, na wawili wetu wameshauza mashamba.

Mwezi uliopita wenzangu walinituma kwa Mama Bahizi nimwombe atupokelee tena. Njiani jirani yake akaninong'oneza kwamba Gentil, kitindamimba wake, alifariki kwa kuhara siku zile za vita. Yule mtoto niliyemlaza kitandani kwangu, Dada, na matanga yake sikuitwa. Nilimkuta mama yake mlangoni anauza unga wa muhogo. Nililia pale pale. Yeye hakulia, aliniletea kiti.

Nikamwomba. Akasema, "Mi sikatai. Leta karoti, mi nitauza, utanilipa kazi yangu. Biashara ni biashara, si ni vile mulisoma?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikanunua unga wa kurudi nao. Alijaza bakuli, akapitisha kiganja juu, unga ukawa sawasawa na ukingo. Miaka yote alikuwa akiniwekea kilima.

Basi jibu langu ni hili: Kirezi mpeleke. Asome, aelewe mtaji na soko, maana ujinga nao umetula vya kutosha. Ila siku watakayomfundisha kumwondoa mtu wa katikati, aulize akiondolewa huyo mtu anakwenda wapi. Darasani kwetu hakuna aliyeuliza.

Nisalimie sana Shemeji, na Kirezi mwambie mama yake mdogo anamwombea. Mungu awalinde na awape mvua kwa wakati wake. Zamani kila nilipokuandikia, Mama Bahizi alinituma nikusalimie, na nikisahau alinigombeza. Safari hii nilimwambia kabisa kwamba nakuandikia. Alifunga mfuko wangu wa unga, akanitakia safari njema.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Mukantwari