Kasha Uliloniambia Nisilifungue

Baba Salim,

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema vocha yako ya kuingia Uingereza imetoka hatimaye, utafika kabla ya Ramadhani, na unaniomba nikutengee pahali pa kulala na pembe moja ya kuweka kasha la zana zako. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, na mara ya tatu nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Zana gani tena, mume wangu? Si zilikuja na mimi?

Labda umesahau. Mimi sijasahau hata kidogo.

Wiki ile ya mwisho Mombasa, Wahindi wenzetu wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wanakimbilia ndege kabla Waingereza hawajatufungia mlango kwa sheria yao. Wewe ulikuwa umeinama pale sebuleni kwetu Makupa, misumari minne mdomoni, unafunga makasha ya chai. Ndivyo nilivyokupenda tangu mwanzo, ukiwa kazini. Wewe na Kipunjabi chako, mimi na Kikachi changu, tukakutana kwenye Kiswahili, na ndani yake tukateta na kubembelezana miaka saba. Ulinifundisha kunyoosha msumari uliopinda ili utumike tena. "Polepole, Zubeda. Usiupige kama umekukosea."

Kasha la mwisho ulilifunga nikiwa sokoni. Niliporudi ukaniambia, "Hili lina zana zangu, usilifungue. Kule kuna unyevu, zitashika kutu. Nitalifungua mwenyewe nikifika." Umalizie kazi ya watu kwanza, ukasema, miezi sita tu. Salim alikuwa na miaka sita, Nasim ananyonya. Huku London, mtaa wa Tottenham, kaka yangu na mwenzake walilipandisha kasha hilo ghorofa nne wakitweta, wakiuliza kama shemeji yao amefunga mlima.

Nyumba yenyewe hujaiona, basi nikueleze. Vyumba viwili, na kuta zinatoka jasho msimu mzima wa baridi. Ukungu mweusi unaota nyuma ya vitanda. Kila Jumamosi naufuta kwa siki, Jumamosi ya pili umerudi. Makasha mengine niliyavunja mwezi wa kwanza. Mbao zikawa rafu za jikoni. Ile karatasi ya fedha ya ndani niliibandika ukutani nyuma ya hita, ikaturudishia joto kidogo. Shuka zako mbili kuukuu nilizichovya kwenye maji ya chai, zikapata rangi ya udongo, nikashona mapazia. Majani ya chai nayo siyatupi: nayanyunyiza kwenye zulia yangali na unyevunyevu, nafagia, na vumbi linaondoka nayo. Mikebe ya samli inaota dhania dirishani. Misumari yote ni ya makasha, nimeinyoosha mmoja mmoja.

Kasha lako peke yake sikuligusa. Nililiweka katikati ya sebule, nikalitandika kanga yangu nzuri, likawa meza yetu. Tulikula juu yake miaka mitatu. Mgeni akiweka kikombe cha moto namkemea, "Taratibu, hilo la Baba Salim!" Mjinga mimi. Nikilipangusa kila siku.

Mwaka huo wa tatu, siku moja bawaba ya kabati la jikoni ilikatika, mlango ukaniangukia mguuni. Nilihitaji bisibisi. Salim alikuwa shule, Nasim chekechea. Nikajiambia, atanisamehe kwa bisibisi moja tu. Nikabandua kifuniko kwa kisu cha mkate.

Matofali, Baba Salim! Kumi na mawili, kila moja limefungwa kwenye gazeti lake, yamepangwa yasigongane. Ulikaa chini ukakadiria uzito ili nisije nikashuku. Mwanamume anayemwacha mkewe kwa hasira nitamwelewa. Wewe uliniacha kwa utulivu, ukitia matofali kwenye sanduku kwa ustadi wako wote. Zana zilibaki Mombasa kwa sababu mwenyewe ulikusudia kubaki. Ati njia ya mwongo ni fupi! Yako ilifika London ikapanda na ngazi.

Nililia mpaka nikatapika. Kisha saa ya watoto kutoka shule ikakaribia, nikanawa uso. Matofali niliyapanga ukutani, nikaweka mbao juu yake, ikawa rafu ya vitabu. Niliwaambia watoto nimeyaokota kwenye nyumba iliyobomolewa. Na kasha, sikia hili, nililijaza blanketi mbovu na masufuria yaliyotoboka, nikalipigilia upya, nikatandika kanga. Kila barua yako ya "vocha bado" niliwasomea kwa sauti ya furaha. Kwa nini? Kwa aibu. Jamaa zangu walinionya nisiolewe nje ya kwetu, nami sikutaka kuwapa la kusema. Na niliona afadhali watoto wawe na baba wa kwenye barua kuliko kukosa kabisa.

Jumanne ile Salim aliiona stempu ya Kenya, ikabidi nimsomee. Habari ya zana niliiruka. Ana miaka kumi na minne sasa. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliruka kwa furaha, akaanza kutoa nguo zake kabatini: baba alale kitandani, yeye atalala chini. Kisha akachukua nyundo. Ataziangalia zana za baba, azipake mafuta kabla hujafika. Nikapiga kelele, "Acha!" Hakuacha.

Nilimwambia yote, kasha likiwa wazi kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja akulaani. Akasema, na mara hii kwa Kiswahili, "Baba alikudanganya wewe. Mimi umenidanganya wewe, Mama." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Amesema kweli. Leo ni Jumapili, na tangu siku hiyo mwanangu anakula peke yake na hasemi nami. Nakuchukia kwa hilo kuliko kwa miaka yote minane.

Basi sikiliza. Kwangu hulali. Tafuta pengine pa kuweka kichwa na zana zako. Ukishatua mizigo, njoo uketi mbele ya Salim, umwambie kwa kinywa chako ulichofanya. Nami nitaketi papo hapo niseme nilichofanya mimi. Chai nitakupa, maana mgeni hupewa chai.

Mungu akufikishe salama. Na mtoto akiamua kumsamehe mmoja wetu tu, namwomba Mungu huyohuyo asiwe wewe.

Ni mimi,
Mama Salim