Chupa Iliyofunguliwa

Ijumaa, 6 Juni 1975
Mazoezi asubuhi. Baridi, vumbi, vidole vimepasuka. Nimedaka yote isipokuwa mpira mmoja ulionigonga usoni, na huo Mwape aliucheka kuliko wote. Mwape ni kipa wa pili. Miaka miwili benchi. Mtu hakai benchi miaka miwili akabaki na moyo safi. Mimi nisingeweza.

Jumapili mechi kubwa, na mimi usingizi umenikataa tangu Jumanne. Nazunguka nyumba usiku kama mlinzi. Mama, aliyekuja toka Kamina kunitunza, anazunguka nyuma yangu na taa. Ngalula, mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye anayelala. Vidonge vyake vya kifafa vinafanya kazi. Namwonea wivu mtoto.

Jumatatu, 9 Juni. Hospitali
Leo naweza kushika kalamu. Mbavu zinauma nikicheka, ila hakuna la kuchekesha.

Jumamosi nilikula bukari, ugali wetu, na mboga nyumbani, nikaondoka kwenda kambini. Kwa kawaida basi la timu hunipitia. Safari hii nilichukua gari jipya nililopewa na klabu, watu wa mtaani kwetu Katuba wanione. Nilipita uwanjani kuchukua glavu. Mwape alikuwepo. Akanipa chupa ya sukre, soda ya machungwa, nikainywa yote. Mbele kidogo kope zikawa nzito. Nilipofumbua macho, gari lilikuwa juu ya baiskeli, makala, mkaa wa kupikia, yametapakaa barabarani, na mwenye makala analia chini. Anaitwa Kabwe. Mguu umevunjika vibaya. Yuko wodi ya chini. Namsikia.

Daktari anasema mkojo wangu una dawa ya kuleta usingizi, tena nyingi. Sijameza dawa yoyote. Basi kuna aliyeninywesha.

Jana timu imeshinda. Mwape golini.

Jumanne, 10 Juni
Nimekumbuka. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa.

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, umwone anameza, ndipo upokee roho ikiwa imetulia. Mama yako tu ndiye haonji. Kumtaka aonje ni kumtukana. Mwape hakuonja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mchana amekuja na ndizi. Ameuliza habari za mbavu kwa sauti ya msibani. Ndizi zimeiva mno. Nimempa mfagiaji, halafu nikamchungulia mfagiaji mpaka jioni. Yu mzima. Haithibitishi kitu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimerudi nyumbani. Rais wa klabu amekuja amevaa abakosti mpya, suti ya wakubwa wa nchi, na askari jandarma mmoja nyuma yake. Hakukaa. Akasema kuendesha gari umelewa dawa, kumvunja raia mguu: ni jela, na mpira kwaheri maisha yote. Isipokuwa kama kuna mtu aliyenipa.

"Leta jina, citoyen," alisema, maana siku hizi sote tunaitwa raia. "Kama hauna jina, jina itakuwa yako."

Nikalitoa. Lilitoka upesi kuliko nilivyodhani. Jioni wamemchukua Mwape mazoezini, na soksi zake za mpira miguuni.

Sijisikii vibaya. Nimeandika hivyo nione kama ni kweli.

Jumamosi, 14 Juni
Ngalula ameanguka. Povu, macho meupe, karibu na jiko la makala. Hakuwa ameanguka tangu Pasaka. Nimeuliza vidonge. Mama amesema vimeisha. Vimeishaje? Masista wa zahanati walimpa vya kumfikisha mwisho wa mwezi.

Nimemtazama mama. Akaendelea kusonga bukari iliyokwisha kuiva.

Nilisimama pale mlangoni, nikangoja. Mwisho akasema bila kugeuka:

"Haukukuwa unalala, mwana. Kinini inatulizaka mutoto, njo maana nilisema itakutuliza na weye."

Kidonge chochote yeye hukiita kinini. Alivisaga vya Ngalula kwenye mboga yangu. Ijumaa kidogo, hakuona vinanisaidia. Jumamosi mchana akaongeza, ili nifike kambini nipumzike. Alidhani basi la timu litanipitia kama kawaida.

Nina hasira. Nina hasira na mama yangu mzazi, naye amekaa chini anamfuta mtoto mate.

Jumatatu, 16 Juni
Nikisema ukweli watamchukua mama. Mwanamke mzee mbele ya jandarma, anaeleza habari za mboga. Watamuuliza nani alimtuma. Siku hizi hakuna kosa lisilo na aliyelituma. Nikinyamaza, anaoza Mwape.

Nimekwenda kituo cha jandarma, rais wa klabu akaitwa. Nimesema nilimeza mwenyewe vidonge vya mtoto, kwa woga wa mechi. Rais wa klabu hakuniamini, nimeliona hilo. Alitaka jina tu, na sasa analo. Mpira umekwisha. Gari wamelichukua palepale. Nyumba ni ya klabu pia, tuhame. Kesi ya mguu wa Kabwe itaitwa.

Nilimngoja Mwape langoni mwa kituo. Alitoka mdomo umevimba. Nikamwambia nilikosea, ile chupa ilinitia shaka kwa kuwa hakuonja.

"Nilionja, yaya," alisema, bado ananiita kaka mkubwa. "Weye ulikuwa unaangalia gari."

Akaenda zake kwa miguu.

Jumapili, 22 Juni
Asubuhi kwa Kabwe, na sukari na sabuni. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

Mchana redio. Mwape golini. Anadaka vizuri, na leo nimeweza kulisema kwa sauti. Vyombo vimefungwa tayari. Ngalula amepata vidonge vipya, vimefungiwa kwenye bati na ufunguo uko shingoni mwangu. Mama hajauliza kwa nini.

Ameleta chai. Hakuiweka mezani kama siku zote. Amesimama mbele yangu, akainua kikombe changu, akaonja, akameza taratibu ili nimwone. Halafu akaninyooshea kwa mikono miwili.

Nilimwambia, "Mama, usionje."

Akasema chai itapoa. Nikanywa.