Kunde Yangu Iko Soko la Toi

Kageha uko? Wacha chenye unafanya.

Unajua vile hiyo kunde nimepanda kwa gunia hunipea raha. Jua ya Januari imekausha Kibera yote, lakini mlangoni kwangu ni kijani tu. Sasa mtu amekuwa akinichumia. Na anachuma vizuri, anaacha ncha ndio ichipuke tena!

Nikasema ni Filister, jirani. Leo asubuhi nimemwita mwizi mbele ya ploti yote. MWIZI, Kageha. Alinipea tu macho.

Mchana nimeenda Toi kununua nyanya. Mama mboga ananionyesha kunde. Majani nyembamba, zile za mbegu mamangu alinitumia kutoka Butere! Nani mwingine hapa ako nazo? Hata jivu nilinyunyizia juzi kufukuza wadudu bado imeshika!

Nikamuuliza, "Hii umetoa wapi?"

"Kuna mzee mmoja wa kofia nyekundu, ako na pengo hapa mbele. Ni mpole sana."

Kofia nyekundu. Pengo. Ni bwanangu, Kageha! Wanzala mwenyewe, mwenye hukataa kunde ati inamfurisha tumbo!

Nimeinunua. Ningefanya aje?

Nafika nyumbani, Wanzala anamwagilia gunia, anapiga mluzi. Tangu lini huyu mtu akachota maji?

Filister naye amesimama kwa mlango yake. Akaangalia mfuko wangu, akaniuliza polepole, "Mama Ivy, umeshika mwizi?"

Nikamwambia bado.