Shamba Utaliangalia Wewe

Baba,

Shikamoo. Leo sisubiri marahaba. Nakuandikia kwa sababu mama amecheka. Amecheka mpaka akashika kiuno, mara ya kwanza tangu tukuzike, na aliyechekwa ni mimi.

Unakumbuka ulivyoniambia pale kitandani: "Shamba utaliangalia wewe." Niliitikia haraka. Si ndiyo kazi yangu? Hapa ofisini Musoma naangalia mashamba ya watu kwa picha za setilaiti, zinazopigwa na kamera inayougawa mwanga katika rangi nyingi kupita zile tunazoziona kwa macho. Wewe ulikuwa unaniuliza kama hiyo kamera inajua kunusa. Basi msimu huu shamba letu la Nyamuswa nililiangalia kila picha ilipoingia, nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini, mtaa wa Mukendo, chai pembeni. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Picha zikaonyesha pamba ya bondeni imekoza kijani kuliko ya juu. Nikampigia mama simu kwa madaha: aachane na ile ya juu, nguvu yote ya palizi aipeleke bondeni. Mavuno yake ya mwaka mzima yalikuwa kwenye neno langu hilo.

"Baba yako alikuwaga anaingia ndani ya shamba," mama akasema. "Njoo kwanza."

Nikaenda Jumamosi. Baba, pamba ya bondeni ilinifika mabegani, majani mapana, yanapendeza. Nikafunua matawi. Vitumba vya kuhesabu. Ile ya juu, fupi, imepauka kidogo, ilikuwa imebeba mpaka inainama. Hapo nikakusikia kabisa, kama nilipokuwa darasa la nne, nimeshika suruali yako kwenye umande, nawe ukiniita mama: "Hiki ni kijani cha uongo, mama. Jani tupu."

Nilikuwa nimesahau. Nimesoma miaka yote ile, nikasahau hilo! Nikalia pale pale katikati ya pamba, na ndipo mama akaanza kucheka. "Hata wewe na kamera yako, pamba imewadanganya!"

Ile ya juu tuliipalilia wote wawili mpaka mchana. Imekaa vizuri sana. Mama anakula vizuri siku hizi.

Niliporudi ofisini nikazifungua picha upya, safari hii nikapitia rangi zote. Tofauti ilikuwepo tangu mwanzo. Kamera iliiona, mimi ndiye sikujua inaitwaje. Kwenye fomu ya ripoti, sehemu ya maelezo, nikaandika "kijani cha uongo". Bosi akaguna, akauliza hilo ni neno la wapi. Nikamwambia ni la baba yangu. Akaliacha, na sasa wenzangu nao wanalitumia.

Nakukumbuka sana, hasa asubuhi. Lala salama, baba. Nilichelewa kukuelewa, ila nimekuelewa. Jumamosi nakuja tena, umande haujakauka. Picha nitaendelea kuzitazama huku Musoma. Shamba nitaliangalia.

Binti yako.