Kadi ya Feni Tatu Imezima Kompyuta ya Mjukuu Wangu

Mshauri wa redio, pokea salamu zangu, naomba unisaidie haraka kwa sababu hapa nyumbani nasemwa na mtoto niliyemlea mwenyewe, na mimi sijazoea kusemwa, mimi ni fundi wa kuchomelea, mtaa mzima wananiita Mzee Mageti, geti la stendi nimelitengeneza mimi na lori likaligonga, lililopelekwa gereji ni lori. Shule sikukaa sana lakini chuma nakijua kuliko waliokisomea.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjukuu wangu anachora nyumba kwenye kompyuta, ndiyo kazi yake, anakaa na mimi tangu bibi yake atutoke, na kompyuta yenyewe ni ya mezani, nyembamba, zile zinazouzwa ofisi zikishachoka nazo, akichora kuta inakwenda vizuri ila akitaka kumwonyesha mteja nyumba inavyozunguka picha inaganda, basi akaniambia Babu, hii inahitaji kadi ya grafiki, ndiyo inayoendesha picha, na kwa kuwa unapita mjini nichukulie ile ndogo, fupi, isiyo na tundu la waya wa ziada, maana pawasaplai ya hii kompyuta ni dhaifu, yaani kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme. Nikamwambia nimekuelewa. Nikafika dukani, muuzaji akanipa kitu kama kipande cha sabuni, nikakipima mkononi, hakina uzito, mshauri, mimi chuma nanunua kwa kukishika na mkono huu haujawahi kunidanganya, nikamwambia toa hiki kichezeo nipe ya wanaume, akanipa ya feni tatu, nzito kama tofali, halafu akaniuliza, "Mzee, kompyuta yako ina pawa kiasi gani?" nikamjibu kwangu nina laini ya umeme ya kuchomelea mageti, usinifundishe umeme.

Nilipofika nyumbani mjukuu hayupo, amekwenda kuona kiwanja cha mteja, nikasema nimfanyie kabisa, akirudi akute kazi imekwisha. Kadi ikakataa kuingia. Basi nikashika grenda nikalikata kasha ubavuni, kazi safi, ukipitisha kidole huchubuki, nikachomelea na mguu wa kuibeba, ndani nilikuwa nimefunika kitambaa, mimi si mjinga, na waya ambao kadi ilikuwa inaudai nikauunga kutoka kwenye nyaya nyingine za mle mle, nikazungushia utepe. Kisha kompyuta nikaichomeka kwenye laini ya mashine yangu ya kuchomelea ili isilalamike njaa. Ikawaka. Nakwambia iliwaka na feni zote tatu zikazunguka, nikaita majirani waone.

Mjukuu akarudi, akautazama ule ubavu, akafungua mchoro wa zahanati ambao wenyewe wanakuja kuuona Ijumaa, picha ikaanza kuzunguka, pap, giza. Akawasha tena, pap. Akaniuliza, "Babu, ile kadi niliyokwambia haikuwepo?" Nikasema ilikuwepo, ila ndogo. "Ndogo ndiyo niliyokuagiza." Nikamwambia usihangaike, nakutafutia pawasaplai kubwa nikufungie kwa nje, akasema, "Babu, naomba usiiguse tena," mimi, nisiguse, ndani ya nyumba niliyoipaua mwenyewe. Sasa amefungasha nguo, anasema keshokutwa anahamia kwa mama yake mkubwa, chakula ananiwekea na kuuliza kama nimekula anauliza, lakini kupitia mlango uliofungwa. Ninachoomba ni kidogo tu, nitajie kadi yenye nguvu zaidi ya hii, ambayo haizimi, na umwambie hewani kwamba babu yake umeme anaujua.

Ni mimi, Mzee Mageti.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Mageti, shikamoo. Hilo la kumwambia hewani lisahau, kwa hiyo kaa vizuri.

Barua yako nimeisoma na dada anayetengeneza kompyuta za hapa kituoni. Alipofika kwenye grenda aliiweka barua mezani akaenda kunywa maji.

Hakuna kadi ya kukutajia. Yenye nguvu zaidi itazima mapema zaidi. Umeme wa ukutani kwako ni mwingi, hakuna aliyebisha, lakini kompyuta inalishwa na kile kiboksi cha ndani, na viboksi vya kompyuta nyembamba za ofisi mara nyingi vinatoa wati mia mbili na kitu, za kugawana wote waliomo. Hiyo feni tatu yako inaweza kuzitaka karibu zote peke yake. Ikiwa imekaa tu, inawaka na majirani wanapiga makofi. Ikipewa kazi, inavuta, na kiboksi kinazima ili kisiungue. Na hili unalijua, baba. Chukua kimashine kidogo cha kuchomelea madirisha, kitie kijiti kinene cha kuchomelea geti la lori, kisha ukichomeke popote unapotaka. Hakitazima? Usijifanye mgeni.

Huo uzito ulioufurahia ni vyuma vya kupoza joto. Kadi ni nzito kwa sababu inapata moto sana, na inapata moto kwa sababu ni mlafi.

Ukimaliza kunisikiliza, ichomoe kompyuta ukutani. Isiwashwe tena, hata kwa kujaribu, maana ule waya wa kuunga na utepe unaweza kukuchomea nyumba uliyoipaua. Vumbi la grenda unalikuta mpaka kwenye chai yako, sasa kitambaa kililizuia vipi? Fundi wa kompyuta, ambaye si wewe, aifungue yote, aipulize, aangalie kilichoungua. Ikipona, kadi ni ile ile ya kipande cha sabuni: ya kimo kifupi, inayotosha kwenye kasha jembamba, isiyo na tundu la waya wa ziada. Ya namna hiyo inapata umeme pale inapochomekwa tu, haivuki wati sabini na tano. Kabla ya kulipa, kibandiko cha pawasaplai kisomwe kwanza. Na hiyo pawasaplai kubwa ya kufunga nje iache dukani, kompyuta za aina hiyo nyingi zina soketi zake, za kawaida haziingii. Kadi yako irudishe kwa yule muuzaji, na safari hii umjibu kwa adabu, maana swali lake ndilo lingekuokoa.

Sasa mjukuu. Alikueleza ile kadi vizuri kiasi kwamba mimi, nisiyejua kompyuta, nimeielewa kwa kusoma barua yako. Umeniandikia maneno yake yote: ndogo, fupi, isiyo na tundu, pawasaplai dhaifu. Huwezi kuniambia hukusikia. Ulisikia, ukabeba mpaka dukani, ukafika pale ukaamini mkono wako kuliko mtu anayekula kwa kazi hiyo. Angekuwa mteja amekuagiza geti la futi nne ukamletea la kumi na mbili, ungeona haya. Yeye ni mjukuu, ukaona ni sawa. Hilo ndilo linalomfungashia nguo, wala usimsingizie kadi.

Bado anauliza kama umekula, kwa hiyo hajaondoka. Ijumaa wenye zahanati wanakuja na hana pa kuwaonyeshea. Wewe umetengenezea mageti watu wenye ofisi zao. Nenda kwa mmoja wao, uombe mjukuu wako aazimwe kompyuta nzuri kwa siku hiyo. Utasema "naomba", na utaeleza kwa nini, bila kutaja lori. Lakini kabla hujatoka nyumbani gonga mlango wake, mwulize anahitaji ya namna gani. Atakayoitaja, kamletee hiyo hiyo.