Alama ya Atyang

Malaba, Jumatatu 13 Oktoba 2025. Asubuhi ukungu, jua saa mbili.

Kwa Dada Euphrasia,

Yoga, dada, kama tunavyosalimiana kwetu kwa Kiteso. Mgongo wako umeachana nawe? Sisi wazima, kuku tu ndio wanakufa.

Shule zafungwa tarehe 24, na nimeambiwa nikabidhi laptopu ya shule ikiwa tupu. Ndani mna alama za kusoma kwa sauti za watoto wangu thelathini na mmoja wa Gredi ya Tano, pamoja na sauti zao nilizorekodi. Wewe ndiye fundi wa kompyuta shuleni kwenu. Nianzie wapi? Nijibu kwa barua pepe kama kawaida yetu.

Mdogo wako,
Vivian

Butula, 14 Oktoba. Mvua tangu alfajiri.

Kwa Vivian wangu,

Mgongo haujaniacha, umenizoea. Poleni kwa kuku.

Sasa sikiliza. Pakia kila kitu kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Ukiona tiki ya kijani, toka kwenye akaunti zako zote, badilisha neno la siri, kisha futa laptopu. Usiikabidhi na picha zako za harusi kama alivyofanya Mwalimu Oundo! Walimu wote wameshamwona akilishwa keki.

Dada yako,
Euphrasia

Malaba, Jumamosi 25 Oktoba. Mawingu, hakuna upepo.

Dada, salamu nyingi. Sijui nikuulize hali vipi na mimi hali yangu hii.

Jana watoto walipokwisha kwenda nyumbani, niliunganisha laptopu na simu yangu. Unajua ofisi yetu ilivyo karibu na mpaka: simu ikadaka mnara wa Uganda, na huko bando langu halifanyi kazi. Kwa hiyo hakuna kilichopakiwa. Tiki niliyoiona ilikuwa ya wiki iliyopita, nilipopakia majina ya watoto tu. Nikafuta. Dada, nimefuta kila kitu.

Alama zinatakiwa kwenye mfumo wa mitihani wa mtandaoni Ijumaa ijayo, saa sita mchana. Nilimwambia mwalimu mkuu, Mzee Ekwaro. Akacheka. "Madam, hawa si watoto wako? Kadiria! Nani atajua?"

Wewe ungekadiria? Nijibu upesi.

Vivian, mdogo wako

Malaba, Jumatano 29 Oktoba. Jua kali tangu saa moja.

Dada Euphrasia,

Natumaini u mzima, maana siku nne hujaandika neno. Nimepiga simu mara sita.

Sikukadiria. Jumapili katekista alinitangazia kanisani, Jumatatu watoto kumi na tisa wakaja darasani kusoma upya. Wengine nimewafuata makwao kwa miguu, hadi Moding. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, hata likizo unatufuata? Haya, msomeshe huku akichambua maharagwe." Alisoma vizuri, na maharagwe yakaisha.

Nina thelathini. Amebaki Atyang, yule asiyefungua mdomo darasani. Nilivuka mpaka hadi kwa nyanya yake karibu na Tororo, nikaambiwa amechukuliwa na shangazi. Yupi? Wapi? Nyanya hasikii vizuri. Na mfumo haupokei orodha yenye nafasi tupu.

Ekwaro anasema nimwekee mbili kati ya nne, tumalize. Nami naona mbili zingemtosha. Maagizo yalikuwa yako, dada. Unaninyamazia kwa nini?

Vivian

Butula, 30 Oktoba. Manyunyu.

Mdogo wangu,

Mwili mzima, moyo hapana. Simu yako niliiona ikilia, nikaigeuza kifudifudi.

Mwaka juzi nami nilipoteza alama za mradi wa ususi za darasa zima. Nilikadiria. Kulikuwa na msichana anaitwa Aluka, mkimya, nikampa moja. Januari mama yake akaja na kikapu ambacho mtoto alikuwa amesuka kwa ajili ya mradi ule. Akaniuliza, "Mwalimu, kasoro iko wapi? Nionyeshe, tutarekebisha." Kikapu hakikuwa na kasoro. Nikamwonyesha kasoro.

Tangu siku hiyo nawafundisha wenzangu kuhifadhi kazi zao, na wananiita fundi.

Usimpe Atyang mbili. Waulize wanawake wanaouzia madereva chakula kwenye foleni ya malori. Mashangazi wa Malaba wengi wako pale.

Euphrasia

Malaba, Ijumaa 31 Oktoba. Asubuhi mvua kidogo, baadaye kukavu.

Dada,

Natumaini umelala usingizi. Barua yako niliisoma mara tatu.

Nilimpata saa nne kwenye foleni, shangazi yake anauza mahindi ya kuchemsha. Atyang alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori akimsomea dereva wa Kongo fomu ya forodha, kwa sauti ya kusikika malori matatu, na kumweleza kila mstari. Dereva akaniambia, "Mama, ngoja kwanza, huyu ni karani wangu." Nikangoja. Kisha nikampa kifungu changu, akakisoma na kukieleza vilevile. Nne kati ya nne. Mimi nilikuwa tayari kumpa mbili.

Alama yake iliingia saa sita kasoro dakika nne. Ekwaro anataka maelezo ya maandishi kwa nini laptopu ilifutwa kabla alama hazijaingia kwenye mfumo. Nimeandika kosa ni langu, sikukutaja. Sijui atanifanya nini Januari.

Barua hii usiijibu. Mwandikie kwanza mama yake Aluka.

Mdogo wako,
Vivian

Nazima simu. Nalala sasa, saa mbili kasoro robo.